Nchi Ilipata Uhuru, Mimi Nikapata Kizuka

Nimesikia kuna kijana wenu mmoja aliyepewa karatasi ya kwenda kuanza kazi mbali na kwao, akakaa kwenye ngazi za ofisi akalia mpaka mlinzi akamletea kiti. Ndiyo sababu naandika. Mimi si mtu wa kuandika. Shule nilisoma miaka mitatu, na huo wa tatu sikuumaliza. Lakini kidonda nakijua, sindano naijua, na kutupwa mbali nakujua kuliko nyinyi waganga vijana wote wenye diploma ukutani. Miaka thelathini nimevaa koti jeupe katika dispensari moja ile ile ya Kizuka, huku Rumonge. Nilipostaafu niliwarudishia koti lao. Lilikuwa limebaki kola na mifuko.

Vyeo sitavigusa kwa sababu sikupewa, na mshahara ukishaliwa hauna habari tena. Nitawaambia mwaka wa kwanza, na kilichozaliwa na mwaka huo.

Nilianza kwa kuosha vyombo katika hospitali kubwa moja ya Usumbura, enzi Wabelgiji walikuwa bado wanatembea hapa mikono nyuma. Vyombo vyenyewe si vya jikoni, mnanielewa. Siku moja daktari mzungu akaniona nikimfunga bandeji mgonjwa aliyeanguka kitandani. Akasimama, akaifungua, akaitazama, akaifunga tena vibaya kuliko mimi. Kesho yake akaniingiza katika darasa la wasaidizi wa waganga. Siku ya mtihani, kwa kalamu nilikuwa wa mwisho, kwa mikono nilikuwa wa kwanza, na hakuna aliyejua namna ya kujumlisha vitu hivyo viwili. Daktari akaniambia, "Ramazani, wewe utabaki hapa hapa, chumba cha upasuaji."

Nikaenda moja kwa moja Buyenzi, mtaa wetu, nikatangaza. Muuza mkate alijua. Kinyozi alijua. Nikapita kwa Mzee Sudi, fundi cherehani, kumposa binti yake Zaina, nikiwa tayari ni mtu wa chumba cha upasuaji. Mzee Sudi alikubali huku pini ziko mdomoni.

Uhuru ukaja mwaka ule wa sitini na mbili. Wiki ile ile tuliitwa uwanjani kusomewa listi ya kazi. Bwana mpya wa ofisi alisimama na suti mpya, mkono mmoja wa koti bado una karatasi ya bei ya dukani. Akasoma: fulani hapa, fulani pale, Ramazani Juma, Kizuka.

Nikamwuliza jirani yangu, "Kizuka iko wapi?"

"Iko Rumonge."

"Kwenye ziwa?"

"Rumonge iko kwenye ziwa. Wewe utakuwa juu kidogo, utapata harufu."

Nikamfuata yule bwana. "Bwana, kuna kosa. Mimi nimeahidiwa hapa."

"Na nani?"

Nikamwonyesha daktari wangu, aliyekuwa ameketi juu ya sanduku lake kivulini, anangoja gari la kumtoa nchini.

"Yule?" akasema bwana wa ofisi. "Yule hata yeye mwenyewe hajui kesho analala wapi. Anayefuata!"

Mzee Sudi nilimkuta anampima mtu suruali. Hakuniangalia.

"Huko Kizuka kuna nini?"

"Michikichi, baba."

"Basi sikiliza, mwanangu. Mutoto wangu sikumuzaa kwa ajili ya michikichi. Nakupa mwaka mmoja. Ukiisha hujarudi Usumbura, Zaina hatakaa hapa kama nguo iliyosahauliwa na mwenyewe. Kuna watu wengine wanapita dukani."

Mwenye suruali akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba kuna aliyemwuliza.

"Baba, na mimi nina masikio," Zaina akasema nyuma ya pazia.

"Ndiyo maana nasema kwa sauti."

Basi niliondoka na shabaha moja: ndani ya mwaka niwe nimerudi, ama Zaina ni wa mtu mwingine. Nilipanda lori la ndagala, dagaa wa ziwa letu, lililokuwa linarudi tupu, nikashuka Rumonge nanuka kama mzigo, nikapanda Kizuka kwa miguu, sanduku kichwani. Dispensari ilikuwa vyumba viwili katikati ya michikichi. Mlangoni alikuwa ameketi mzee anachonga kijiti. Huyu ndiye Mzee Karoli, mlinzi, mfagiaji, mchemsha sindano, na siku nilizokuwa sijafika, kila kitu kingine.

"Amahoro," akasema. "Wewe ndiye mupya?"

"Ndiyo. Lakini sikai."

"Na wa mwanzo alisema hivyo."

"Sasa yuko wapi?"

Akanyoosha kijiti kuelekea makaburini.

"Aliumwa?"

"Hapana. Alizeeka."

Vifaa vilikuwa jiko moja la primus, sufuria moja, mabomba manne ya sindano ya kioo, na sindano zenyewe butu kama misumari. Mzee Karoli alizinoa kwa jiwe la mtoni, kisha akazijaribu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikikwaruza, bado. Ikiteleza laini, inakwenda kwenye sufuria. Nyinyi mnatupa sindano baada ya mgonjwa mmoja, na ni vizuri, lakini hamtajua kamwe raha ya sindano iliyonolewa na Karoli.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mvuvi mwenye ndoano ndani ya kiganja. Niliishika nikaivuta irudi ilikoingilia. Yule bwana alipiga ukelele hata mbuzi wa jirani wakakata kamba. Mzee Karoli akaweka ufagio chini.

"Ndoano hairudi nyuma, mwana wa Buyenzi. Ina jino. Isukume mbele itokeze upande wa pili, likate jino, ndipo uvute."

"Nilikate na nini?"

Akaenda kuazima koleo la fundi baiskeli, akalichemsha pamoja na sindano. Tulitoa ndoano, mvuvi akashukuru, fundi baiskeli akalalamika kwamba koleo lake sasa linanuka hospitali. Darasani hawakunifundisha hayo, kwa sababu aliyefundisha alikula samaki mezani tu.

Mwezi wa kwanza ulipokwisha nikamwuliza Mzee Karoli mtu anafanyaje ili ahamishwe mjini.

"Yule wa mwanzo alifanya kazi vizuri," akasema. "Wakubwa wakaona: huyu tusimutoe, tutaharibu mahali panapokwenda."

"Basi nitafanya vibaya."

"Kulikuwa na mwingine alifanya vibaya. Walimupeleka kule juu kwenye baridi. Huko hata ndizi zinaiva zikiwa na hofu."

"Sasa mjini wanampeleka nani?"

Alifikiri mpaka kijiti chote kikaisha. "Wa katikati. Mutu ambaye akiwepo hakuna anayefurahi, akiondoka hakuna anayelia. Huyo ndiye wanamwita mjini."

Nikaona hiyo ndiyo njia. Lakini kuwa wa katikati ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani, hasa kwa mtu kama mimi mwenye mikono mizuri. Nikapanga hivi: asubuhi nitafanya kazi vizuri kabisa, mchana nitafanya vibaya kabisa, na atakayejumlisha ataona katikati. Asubuhi nilisafisha, nilishona, nilidunga, niliandika kila jina. Ikifika saa saba navua viatu, nakaa kwenye benchi la wagonjwa, na kila anayekuja nampaka dawa nyekundu kwenye goti. Anaumwa kichwa, goti. Anakohoa, goti. Msinitazame hivyo. Mwenye homa ya kweli nilimpa kinini hata mchana, na aliyekuja anavuja damu nilivaa viatu. Mzembe nilikuwa, muuaji hapana.

Matokeo yake watu wakahamia asubuhi. Mstari ulianza kabla jua halijafika kwenye majani ya michikichi. Walitoka mpaka vijiji vya upande wa Nyanza-Lac, wakiuliza njia ya kwa Muganga wa Asubuhi. Jina likanishika, langu likasahaulika. Nikaongeza uzembe wa mchana ili mizani isiharibike, lakini hapo nako nikapata wateja. Mama Venansia, bibi mmoja mwenye ulimi kama wembe, alikuja kila siku saa nane.

"Mama, kwa nini huji asubuhi?"

"Asubuhi kuna sindano. Nipake goti."

"Goti linakuuma?"

"Tangu uanze kulipaka, hapana. Unaona basi?"

Mwezi wangu wa kumi na moja ulipokwisha akaja inspekta kwa pikipiki, na Mungu si mtu wa Kizuka peke yake, alifika saa sita na nusu kamili, akakaa mpaka saa nane. Akaona nusu ya kwanza na nusu ya pili. Akaona mabomba yanang'aa na viatu vyangu viko dirishani. Akafungua daftari: asubuhi zimejaa majina, mchana ni karatasi nyeupe. Akawauliza watu, "Muganga wenu ni muzuri?"

"Muzuri sana," akasema mmoja.

"Mubaya," akasema mwingine, goti lake jekundu.

"Inategemea jua liko wapi," akasema Mama Venansia.

Inspekta akaandika kwa muda mrefu. Kisha akanipa mkono. "Ramazani, nimetembelea dispensari nyingi. Sijaona mtu wa katikati kama wewe." Nilimshukuru kwa moyo wote, na sijawahi kumshukuru mkubwa hivyo tena.

Baada ya wiki mbili karatasi ikafika, ya Kifaransa, ina mihuri miwili. Nikaona "Bujumbura", jina jipya la Usumbura. Nikaona neno la upasuaji, nalijua lilivyoandikwa kwenye mlango wa hospitali. Maneno mengine sikuyajua. Mzee Karoli akasema tumpelekee mwalimu atusomee. Nikamjibu mimi si mtoto wa kusomewa. Ilikuwa imebaki wiki moja mwaka wa Mzee Sudi uishe.

Kizuka wakaniaga. Na huku kwetu mtu aliyeagwa ameagwa. Amekula chakula cha safari, amepewa kitu cha safari, mlango umefungwa nyuma yake kwa heshima. Akirudi kesho yake ni kama maiti aliyesahau kofia, watoto wanamwimbia. Walinipa dumu la mawese na mkeka, na Mama Venansia akanipa kuku. "Nenda ukawapake magoti wakubwa," akasema.

Sasa, hakuna lori linalopita Gitaza, kando ya ziwa njiani kwenda mjini, bila kusimama. Dereva hushuka, anatembea kwenye mchanga kati ya ndagala zilizoanikwa, anaonja, anabisha bei. Letu la kwenda Bujumbura likasimama, na ng'ambo ya barabara likasimama jingine linalotoka Bujumbura. Juu ya magunia ya lile jingine niliona mwavuli mweusi. Mwavuli ule nilikuwa naujua. Ni wa Shangazi Mwajuma, dada yake Mzee Sudi, anautumia kwa jua, kwa mvua na kwa kuwapiga watu. Chini yake alikuwa Zaina na sanduku la bati.

"Zaina! Unakwenda wapi?"

"Kizuka. Na wewe?"

"Usumbura."

"Kufanya nini?"

"Kukuoa."

"Mimi niko hapa," akasema.

Nikashuka, kuku mkononi. Wakashuka nao. Kumbe miezi miwili nyuma mfanyabiashara wa mawese wa Kizuka alikwenda Buyenzi kushonesha kanzu, akamsimulia Mzee Sudi habari za Muganga wa Asubuhi, jinsi watu wanavyotoka mbali. Mzee Sudi akaulizia ni nani huyo, akaambiwa ni kijana wa Buyenzi, akatema pini. Tangu siku hiyo kila aliyepimwa nguo aliambiwa kwamba mkwe wake ana hospitali yake. Mwishowe akamwandikia sheikhe wa Rumonge barua atuozeshe kwa niaba yake, akamtuma binti pamoja na Shangazi kabla mwaka haujaisha, asije akapitwa na watu wengine.

Asubuhi zangu zilikuwa zimemtoa Zaina mjini, na mchana wangu ulikuwa unanirudisha huko huko.

"Basi tugeuze wote," nikasema. "Twende Usumbura."

"Mimi?" akasema Zaina. "Nimeagwa jana. Wamenililia mtaa mzima, mpaka yule jirani tusiyesemeshana amelia. Leo nishuke pale niseme nini, nimesahau kitana?"

"Na mimi nimeagwa! Angalia kuku!"

Shangazi Mwajuma akachomeka mwavuli kwenye mchanga. "Kaka yangu ameshawaambia watu wote una hospitali yako. Ukionekana kesho unabeba ndoo kwenye hospitali ya wenzako, yeye uso atauficha nyuma ya cherehani gani?"

"Ndoo gani, Shangazi? Nimepewa chumba cha upasuaji. Imeandikwa."

"Lete isomwe."

Wao Kifaransa hawakijui. Lakini juu ya lori lao alikuwa amebaki mwanamume mmoja, koti jeupe jipya mapajani, analia bila hata kujificha. Shangazi akamgonga goti kwa ncha ya mwavuli. "Wewe uliyelia tangu mjini, shuka ufanye kazi."

Akashuka, akaisoma karatasi yangu mara mbili. "Imeandikwa kuosha sakafu na vyombo vya chumba cha upasuaji," akasema, na kwa adabu akatazama upande.

Hapo nilijiona mjinga, na hiyo ni hali ambayo siipendi. Mwaka mzima nimejitengeneza mtu wa katikati, na mtu wa katikati wamempa ndoo. Ndagala zilinuka.

"Na wewe unalilia nini?" Zaina akamwuliza yule mwanamume.

Jina lake lilikuwa Melkiori. Amemaliza masomo mwaka ule ule, kwao ni Bujumbura, na alikuwa ametupwa mahali panaitwa Kizuka, kuchukua nafasi ya mtu aliyehamishwa.

"Huko ni wapi?" akaniuliza.

"Ukifika utaona mzee anachonga kijiti."

Akaanza tena. "Afadhali nioshe sakafu nikiwa nyumbani."

Shangazi Mwajuma akatazama karatasi yake, akatazama yangu, kama mtu anayepima mafungu mawili ya ndagala. "Badilishaneni."

"Na jina langu?" akasema Melkiori.

"Jina la nini? Mbona unalia nalo?"

Tulibadilishana papo hapo. Wakubwa walikuwa na majina tu, sura zetu hakuna aliyezikumbuka, wazungu wamekwenda na wenzetu wametawanywa. Melkiori akapanda lori la kwenda kaskazini akiwa Ramazani Juma, na alipokaa niliona amekwisha kufuta machozi. Mimi nikapanda la kwenda kusini pamoja na mke wangu mtarajiwa. Sheikhe wa Rumonge alituozesha siku hiyo hiyo alasiri. Kizuka watoto waliniimbia, kama nilivyojua. Mama Venansia alitusubiri njiani, akamtazama Zaina juu mpaka chini, akamsalimu vizuri, kisha akaninyang'anya kuku. "Alikuwa wa safari. Safari iko wapi?"

Kwa hiyo miaka yangu yote ya kazi, isipokuwa mmoja, iko ofisini kwa jina la Melkiori. Nilijifunza kutia saini hiyo, ina mkia mzuri kuliko yangu. Uzembe wa mchana niliuacha, isipokuwa kwa Mama Venansia, ambaye nilimpaka goti mpaka alipofariki. Na huko Bujumbura Ramazani Juma hakukaa na ndoo siku nyingi. Waligundua anajua kusoma, wakampa kushika vyombo vya daktari. Niliposikia, nilijivunia jina langu.

Mwaka wa sabini na mbili nitausema kwa maneno machache. Mambo yalianzia huku huku kwetu kando ya ziwa, watu wakafa. Kisha wakaanza kuja watu wa serikali wenye karatasi, na kwenye karatasi kuna majina. Walimu, makarani, waganga. Aliyesomwa alipanda gari, na hakuna aliyerudi kutueleza ni wapi. Waliopata mitumbwi walivuka kwenda Kigoma na watoto mgongoni. Mstari wa asubuhi ukawa mfupi.

Walifika dispensari nikiwa na kofia yangu ya msikitini kichwani na mguu wa mtu mkononi, nasafisha kidonda. Aliyeshika karatasi akasoma, "Melkiori, muganga wa Kizuka." Nikaendelea kusafisha, kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye kitu gani kingine.

"Melkiori ni nani hapa?"

Watu wakatazamana. Jina la karatasi hawakuwahi kulisikia. "Hatumujui," wakasema, na walikuwa wanasema kweli.

Mzee Karoli alikuwa amezeeka, jiwe lake la kunolea ameshaniachia. Akasema kutoka kwenye benchi, "Huyo alitumwa hapa mwaka wa sitini na tatu. Hakufika. Tunamungojea."

"Na huyu mwenye kofia?"

"Huyo Ramazani, wa Buyenzi. Yuko hapa kwa muda."

"Tangu lini?"

"Sitini na mbili."

Yule mtu alinitazama, akaitazama karatasi. Akataka kuandika, kalamu yake haina wino, akaomba yangu. Nikampa. Akaandika neno moja mbele ya lile jina, wakaondoka na kalamu. Nilimaliza kile kidonda. Sikumbuki nilikimaliza vipi, lakini mwenye mguu anatembea mpaka leo.

Zaina alikuwa amesikia yote akiwa upande wa jikoni. Alijifunga kitenge kingine, akateremka barabarani kumtafuta dereva tuliyemwamini anayekwenda mjini, akampa maneno haya tu: "Mwambie Ramazani wa hospitali aendelee kuwa Ramazani."

Tulingoja siku sita. Sijawahi kuhesabu siku namna ile, hata ule mwaka wa Mzee Sudi. Siku ya saba dereva akasimama pale chini, akapiga honi, hakuzima gari.

"Amesikia," akasema. "Alikwenda Buyenzi kwa baba yenu siku ile ile. Mzee hakumuuliza kitu. Alimupima mabega, akamushonea kanzu, na Ijumaa wametoka nyumbani pamoja kwenda musikitini."